Nakala moja ndani ya kabati si hifadhi

Jumamosi iliyopita, katika kipindi cha vijana, tulitumia karibu nusu saa kuzungumzia mchezo wa video uliotengenezwa mpaka mwisho, kisha kampuni ikaufungia kabatini zaidi ya miaka ishirini. Kabla kipindi hakijaisha, simu ya studio ilikuwa imejaa ujumbe. Wengine walifurahi. Wengi walikasirika. Nitatoa ujumbe mmoja tu, wa mama anayeishi kambini, kwa sababu alisema kwa ufupi yale ambayo wengine waliyasema kwa matusi: "Njo nini hii munatuletea? Sisi hatuna bashi, watoto hawasome, na ninyi muko natuelezea michezo ya Wazungu yenye hata wao wenyewe walikatala."

Mama, jambo sana. Nilitaka kukujibu palepale hewani, lakini jenereta ilizimika kabla ya saa, na bei ya mazuti unaijua. Nakujibu hapa, wenye simu watawasomea wasio na simu. Sitakuambia kwamba mchezo wa video unapita bashi ya kufunika kibanda. Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. (Na hao tuliowazungumzia si Wazungu wote, wengi ni Wajapani, ila hilo tuliache.) Ninachokataa ni lile neno lako la mwisho, kwamba wao wenyewe walikataa. Waliotengeneza hawakukataa. Waliokataa walikuwa watu wengine, waliokaa kwenye viti vingine, na waliotengeneza hawakuwa na la kufanya. Wewe uliyefukuzwa kwenye shamba ulilolilima kwa mikono yako, tofauti hiyo sihitaji kukufundisha.

Nirudie habari yenyewe kwa waliokosa kipindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Nintendo ya Japani ilikuwa inauza mashine ya michezo inayoitwa Super Nintendo. Mwaka 1993 ikatoa Star Fox, mchezo wa ndege za kivita za angani, uliotengenezwa pamoja na vijana wa kampuni ya Uingereza iliyoitwa Argonaut. Wakati ule ilikuwa ajabu. Mashine haikuwa na nguvu ya kuchora vitu vya pande tatu, kwa hiyo ndani ya kaseti ya mchezo wakaweka chipu ya kuisaidia. Mchezo ulipouzika vizuri wakaanza wa pili, Star Fox 2. Mmoja wa waandishi wa programu yake alikuwa Dylan Cuthbert, Mwingereza aliyekwenda Japani akiwa bado kijana. Mwaka 1995 mchezo ulionyeshwa kwa waandishi wa habari. Kisha ukamalizika. Sisemi ulikaribia kumalizika. Cuthbert mwenyewe ameeleza kwamba ulifika mwisho, ukakaguliwa, ukawa tayari kwenda kiwandani. Ndipo wakubwa wakasema hapana. Sony ilikuwa imekwisha kutoa PlayStation, Sega ilikuwa na Saturn, na Nintendo yenyewe ilikuwa inaandaa Nintendo 64. Hawakutaka watu waone mchezo wa pande tatu kwenye mashine inayozeeka wakati mashine mpya iko mlangoni.

Ukafungwa. Watu waliusikia tena rasmi mwaka 2017, Nintendo ilipouingiza ndani ya mashine ndogo ya ukumbusho. Katikati hapo, miaka yote ile, wapenzi wa michezo walikuwa wanahangaika na nakala za majaribio zilizovuja, zenye makosa, ambazo hazikuwa mchezo wa mwisho. Wakazirekebisha, wakazitafsiri kwa Kiingereza, wakabishana sehemu gani ilikusudiwa na sehemu gani ni kasoro. Walikuwa wanakarabati kivuli, na kitu chenyewe kiko kizima kabatini.

Huo ndio mfano wenye bahati! Kampuni ilikuwa hai, kabati halikuungua, na siku moja mtu akaona anaweza kupata pesa humo.

Sasa mfano wa Chris Oberth. Huyu alikuwa Mmarekani, mtu wa programu tangu enzi za kompyuta za Apple II. Mwaka 1982 alitoa mchezo wa Anteater. Baadaye aliandika mchezo wa magari kutokana na filamu ya Days of Thunder, ile ya Tom Cruise ya mwaka 1990, kwa ajili ya mashine ya Nintendo ya kwanza. Haukutoka. Kampuni ikauza mchezo mwingine wenye jina hilohilo, uliotengenezwa na watu wengine. Oberth alikufa mwaka 2012. Aliacha rundo la disketi na vitu vya kazi, kama vile fundi anavyoacha misumari na mbao nyuma ya nyumba. Mwaka 2020 Video Game History Foundation, shirika la Marekani linaloongozwa na Frank Cifaldi, lilipitia rundo hilo na kukuta humo vipande vya programu ya mchezo ule. Si mchezo uliokuwa tayari kucheza. Ilikuwa maandishi ya programu, yametawanyika. Mtaalamu mmoja, Rich Whitehouse, ikabidi ayaunganishe hadi gari likaonekana kwenye skrini na kukimbia. Miaka thelathini ilikuwa imepita. Oberth hakuona.

Kama familia ingelitupa rundo lile, tusingejua hata kwamba kuna tulichopoteza. Na familia nyingi zimetupa. Mimi siwalaumu, mjane anahama nyumba, nani atabeba masanduku ya disketi zisizosomeka popote? Hasira yangu iko kwa wanaojua kabisa walichoshika na bado wanakikalia.

Wengine mtaniuliza: kitu kikifungiwa kabatini, si ndiyo kinakaa salama? Hapana, na hapa nivumilieni kidogo, maana watu wengi hawaelewi mahali hapa.

Kaseti ya mchezo iliyouzwa dukani ina chipu ambayo programu yake iliwekwa kiwandani moja kwa moja. Haibadiliki kwa urahisi. Lakini mchezo ambao haukutoka haukufika kiwandani. Nakala zake za majaribio, zile za kupelekea wakaguzi na watu wa magazeti, mara nyingi ziliwekwa kwenye chipu za aina ya EPROM. Chipu hiyo inashika programu kwa chaji ndogo sana za umeme zilizonaswa ndani yake, na juu yake ina kidirisha kidogo cha kioo. Ukitaka kuifuta unaimulikia kwa taa ya mwanga mkali usioonekana kwa macho, mwanga ambao umo pia ndani ya jua, kisha unaandika kingine. Ndiyo maana mafundi wanabandika kipande cha karatasi juu ya kidirisha. Karatasi ikibanduka, chipu ikaachwa juani, programu inafifia. Na hata ukiiweka gizani, chaji zinavuja zenyewe polepole. Chipu zile hazikutengenezwa zikae milele, na za miaka ya 1980 sasa zina umri wa mtu mwenye wajukuu. Chaji moja ikipotea, labda rangi moja tu itakuwa mbaya kwenye picha. Zikipotea nyingi, mchezo hauwaki tena, na mwenye kabati ataendelea kupangusa vumbi kwenye kitu ambacho ndani yake hakuna kitu. Disketi nazo zina ugonjwa wao, plastiki iliyopakwa unga wa sumaku, na ukungu unaupenda sana unga huo.

Kunakili ni kazi ya dakika chache. Chipu inachomekwa kwenye kisomaji, kisomaji kinasoma namba moja baada ya nyingine na kuandika faili. Chipu inarudi mahali pake, mwenyewe anarudi nayo nyumbani. Faili la mchezo wa Nintendo ya kwanza ni dogo kuliko picha nzuri moja ya simu. Kisha ziko programu kama MAME, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Mwitalia Nicola Salmoria, inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye mashine ile ya zamani, na faili linacheza. Hakuna kinachoharibika. Hakuna anayenyang'anywa.

Sisi watu wa redio tunapaswa kulijua jambo hili kuliko wote. BBC ilifuta kanda nyingi za vipindi vyake vya miaka ya 1960, vikiwemo vya Doctor Who, ili itumie kanda upya na ipate nafasi. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi tisa vya Doctor Who vilivyohesabiwa kuwa vimepotea vimekutwa kwenye kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. London walifuta, Jos vikabaki, kwa sababu zamani nakala ziliuzwa mbali na hakuna aliyekumbuka kuzirudisha.

Na kabla sijawarushia mawe watu wa ng'ambo, nianze na mlango wetu. Nilipomaliza kozi ya uandishi wa habari nilifanya kazi kwenye redio moja ambayo siitaji. Ilikuwa na kabati la kaseti za sauti. Wazee wakisimulia asili ya vijiji vyao, wamama wakiimba nyimbo za kutwanga, mwalimu mmoja aliyeeleza alivyokimbia kwa miguu na wanafunzi wake. Nyingi zilirekodiwa na kuwekwa pembeni zingoje nafasi kwenye programu. Kaseti mpya zilikuwa ghali. Siku moja mkubwa wetu akaamuru turekodi matangazo ya biashara juu ya zile za zamani. Kuna mtu aliuliza kama tuchague kwanza. Akajibiwa: "Hizi hazikupita hewani." Basi. Nilirekodi mimi, kwa mikono yangu, siku tatu mfululizo. Hakuna kundi lenye silaha lililotuvamia, hakuna moto uliowaka. Leo kuna vijiji kati ya vile ambavyo havina mkaaji hata mmoja, wote mko hapa kambini au kwa wenyeji waliowapokea, na sauti ya mzee aliyekuwa anajua majina ya vilima vyote iko chini ya tangazo la sabuni.

Hazikupita hewani. Ndiyo neno hilohilo walilolipa Star Fox 2, ndiyo neno hilohilo walilolipa kazi ya Oberth. Kisichotoka hakihesabiwi. Ndiyo sababu nilizungumza vile Jumamosi, na ndiyo sababu pengine sauti yangu ilipanda mpaka fundi wa sauti akanipungia mkono.

Sasa wakusanyaji. Mwaka 1982 Atari ya Marekani ilitengeneza mchezo wa zile mashine kubwa za kusimama, za kutia sarafu, ukaitwa Akka Arrh. Ulijaribiwa mbele ya wachezaji, wakauona mgumu, ukaachwa. Mashine zilizojulikana kubaki duniani zilikuwa tatu tu, mikononi mwa wakusanyaji. Kwa miaka mingi programu yake haikupatikana kwa mtu mwingine yeyote. Mwaka 2019 ikatokea ghafla kwenye intaneti. Yakasambaa madai kwamba fundi aliyeitwa nyumbani kwa mkusanyaji kutengeneza mashine alinakili chipu kwa siri. Watu wakagawanyika, wengine wakisema mwizi, wengine mwokozi. Novemba 2022 Atari ikauweka mchezo huohuo ndani ya mkusanyo wa miaka yake 50, kila mwenye pesa kidogo akaweza kuucheza, na mwaka 2023 mtunzi Jeff Minter akatoa Akka Arrh mpya iliyozaliwa na ule wa zamani. Karibu miaka arobaini ya giza, kisha ndani ya miaka minne mchezo ukazaa.

Marble Madness II ulipitia njia hiyo. Atari Games waliujaribu mwaka 1991, wakati Street Fighter II inakula sarafu za vijana wote, na ukashindwa. Mashine chache zikaishia kwa watu binafsi. Programu yake ikaja kuonekana hadharani mwaka 2022.

Kuingia nyumbani kwa mtu na kunakili kitu chake kwa siri sikusifu. Nimelelewa vizuri. Lakini ninauliza ni nani aliyefanya mlango wa mbele usipitike. Mtu ana kitu ambacho hakukitunga, hakukilipia jasho, amekinunua tu, na anajua kwamba kikifa mikononi mwake kimekufa kwa dunia nzima. Anaombwa dakika chache za kisomaji. Anasema hapana, kwa sababu kikinakiliwa bei itashuka.

Hata hiyo hoja ya bei haisimami. Kabla Nintendo na Sony hawajagombana, walikuwa wanatengeneza pamoja mashine moja, ambayo haikutoka kamwe. Nakala moja ya majaribio ilinunuliwa mwaka 2009 na mwanaume mmoja Mmarekani katika mnada wa kampuni iliyofilisika, ndani ya shehena ya vitu vya kawaida iliyomgharimu kama dola 75. Alipogundua alichonacho hakukizika. Alizunguka nacho kwenye maonyesho, watu wakakiona na kukigusa, akakubali kifunguliwe na kutengenezwa mbele ya kamera. Ulimwengu wote ulijua kilivyo ndani na nje. Mwaka 2020 kikauzwa mnadani kwa dola 360,000. Mwacheni mwenye kabati anieleze tena jinsi kuonyesha kunavyoshusha bei.

Na wako waliotoa pesa yao kinyume kabisa. Mchezo wa Mother wa mtunzi Shigesato Itoi ulitoka Japani mwaka 1989. Ulitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1990 kwa ajili ya Marekani, kisha tafsiri ikawekwa rafuni. Kaseti moja ya majaribio ikapitia mikononi mwa watu. Mwaka 1998 wapenzi wa mchezo walichangishana, kama tunavyochangishana hapa kwa ajili ya kilio, wakamlipa mwenye kaseti ili inakiliwe, na wakaigawa bure. Nintendo yenyewe iliutoa rasmi mwaka 2015. Kwa miaka kumi na saba walioitunza tafsiri ile hadharani walikuwa hao wachangaji, ambao kisheria walikuwa wakosaji.

Hapo kwenye sheria ndipo panaponiudhi zaidi, maana mkusanyaji angalau ni mtu mmoja na ubahili wake. Ufaransa, ambayo sisi Wakongomani tumezoea kuitazama, ina sheria ya mwaka 1992 inayoagiza michezo ya video inayotolewa nchini ipelekwe kwenye Maktaba ya Taifa, kama vitabu. Vizuri sana. Lakini soma neno lenyewe: inayotolewa. Mchezo ambao haukutolewa hauna anayeulizwa juu yake. Unaangukia katikati, kama mtoto aliyezaliwa njiani wakati wa kukimbia, ambaye hakuna ofisi iliyomwandika.

Marekani ni mbaya zaidi. Mwaka 2023 shirika lile la Cifaldi, pamoja na Software Preservation Network, walichapisha uchunguzi juu ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010. Asilimia 87 haipatikani tena sokoni. Hiyo ni michezo iliyotoka, iliyouzwa, iliyotangazwa kwenye magazeti! Wakaomba kitu kidogo, kwamba maktaba ziruhusiwe kuwafungulia watafiti michezo hiyo wakiwa mbali, kwa intaneti, kama zinavyoweza kufanya kwa vitabu vingi. Chama cha kampuni za michezo kikapinga. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa ombi hilo. Hofu kubwa ilikuwa nini? Kwamba watu watacheza kwa starehe. Kwa hiyo anayetaka kujifunza lazima aende mpaka ndani ya maktaba yenyewe, kule Marekani. Waambieni hivyo vijana wetu wanaosomea informatiki hapa mjini, ambao hata Kigali au Kampala wanafika kwa kukopa nauli, na visa ya Marekani wanaiona kwenye sinema.

Sisemi kampuni zisiuze vitu vyao. Ziuze. Mchezo ukiwa sokoni, mtu anunue. Lakini huwezi kukataa kuuza, ukakataa kutoa, ukakataa kuazimisha, ukakataa kunakiliwa, kisha ukajiita mtunzaji.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni ya mtunzi mwenyewe. Anaweza kusema: kazi ile ilikuwa mbaya, niliitupa kwa sababu nzuri, kwa nini muifukue? Capcom ya Japani ilipotengeneza Resident Evil 2, ilifika mbali sana na toleo la kwanza, ikalitupa na kuanza upya. Mhusika mkuu wa kike, Elza Walker, aliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Claire Redfield. Mchezo uliotoka mwaka 1998 ulisifiwa duniani kote, kwa hiyo hawakukosea. Toleo lililotupwa lilivuja mwaka 2013. Watunzi wana haki ya kutolipenda. Mimi pia nina ripoti za mwaka wangu wa kwanza ambazo sitaki mtu azisikie. Lakini kwa kijana anayejifunza kazi, kuona bwana mkubwa alikata nini na alibakiza nini ni darasa ambalo hakuna shule inayolitoa. Kwa kesi kama hiyo ningekubali kitu cha katikati: nakala ipelekwe maktaba, ifungwe miaka kadhaa, mtunzi aamue nani aione akiwa hai. Familia za waandishi wa vitabu zinafanya hivyo kwa barua. Ila iwepo, na iwepo mahali zaidi ya pamoja.

Nimebakiza neno la "Wazungu", kwamba haya si yetu. Mimi nilijifunza kucheza nikiwa na miaka minane hivi, nyuma ya ligablo ya jirani, kwenye mashine ya Kichina yenye kaseti ya njano iliyoandikwa michezo 9999. Ndani ilikuwa michezo michache ileile ikirudiarudia. Hiyo kaseti ilikuwa ya wizi mtupu, na bila wizi huo watoto wa mtaa wetu wasingegusa kitu. Kampuni zenyewe hazikuwahi kutuuzia chochote.

Lakini zilinunua kutoka kwetu. Ndani ya simu na mashine za michezo mna vipande vidogo vya kutunza umeme vinavyotengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka kwenye koltani. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilipotoka na viwanda vya simu na kompyuta vikigombania madini hayohayo, bei ya tantali ilipaa duniani, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Wazee wa Kivu wanaukumbuka mwaka ule, nani alitajirika na nani alizikwa. Sipendi hadithi zinazofanya mchezo mmoja kuwa chanzo cha vita vyetu, vita vyetu vina vyanzo vingi na vingine viko nyumbani. Ninasema tu kwamba sisi tumo ndani ya historia ya mashine hizo, chini kabisa ya msingi, na siku watakapoandika historia hiyo kwa kutumia vilivyobaki kwenye makabati ya matajiri peke yake, jina letu halitakuwemo.

Mama, bashi zenu tulizitaja kwenye taarifa ya Jumatatu na tutazitaja tena kesho, mpaka waliotoa ahadi watupigie simu waombe tunyamaze. Kipindi cha vijana kitaendelea Jumamosi hii saa kumi alasiri, na tutarudi kwenye disketi za Oberth maana vijana wawili wa kambini waliuliza vipande vya programu vinaunganishwaje na nimepata fundi wa kuwaeleza. Ukiwa na nafasi, piga simu unipinge hewani. Na kama ulikimbia na kaseti yoyote ya sauti, hata isiyocheza, mpe mtoto ailete redio. Mashine ya kunakili tunayo. Tunaiwasha wakati jenereta inafanya kazi, kuanzia saa nane mchana, na kaseti yako itarudi kwako jioni hiyohiyo.